Mume wa Kwenye Hati

Mansour aliingia ofisini kwa wakili Jumanne asubuhi akiwa mume wa mtu, na kabla ya adhuhuri alitoka hana mke. Hakugombana na yeyote. Hakutoa talaka wala hakuombwa. Mkewe, Chiku, alikuwa ameketi kando yake muda wote, mkoba magotini, na walitoka pamoja, wakavuka robot, zile taa za barabarani, pamoja, wakala chipsi kwenye karatasi moja hapo hapo Marshalltown. Lakini wakili alikuwa ameshasema neno lake, na neno la wakili, ulipende usilipende, lina mhuri.

Nyumba iliyowapeleka kwa wakili ilikuwa Rosettenville, huku huku Afrika Kusini: vyumba viwili, jiko, na ua wa nyuma wenye kamba za kuanikia nguo. Chiku aliinunua mwenyewe, kwa jasho lake la miaka mingi katika jiko la hoteli, na jina lililoandikwa kwenye hati kuwa la mwenye mali ni lake. Sasa mama yake, Bi Tumu, alikuwa hoi kitandani huko Tanga. Mtoto wa kike alikuwa Chiku peke yake, naye alikuwa amekata shauri: nyumba iuzwe, warudi, amuuguze mama yake mpaka hapo Mungu atakapopanga. Mansour hakuwa na pingamizi. Yeye naye ni mtu wa Tanga, ameuza mablanketi katika duka la jumla mjini mpaka nyuzi zake zimemganda kwenye koti, na popote ambapo Chiku angesema waende, yeye angeuliza tu ni teksi ipi.

Mnunuzi alipatikana upesi, muuguzi mmoja mwenye watoto watatu, na benki ikakubali kumkopesha. Ila benki ilitoa siku. Karatasi zote ziwe zimesainiwa ifikapo tarehe thelathini, la sivyo mkopo umekufa, muuguzi akatafute nyumba kwingine na Chiku aanze upya. Na Bi Tumu hakuwa mtu wa kungojeshwa mambo yaanze upya.

Hapo ndipo Mansour alipoanza kuchanganyikiwa, na kusema kweli hakupona tena. Kwanza aliambiwa kwamba muuzaji ndiye anayechagua wakili, lakini mnunuzi ndiye anayemlipa. Aliuliza mara tatu. Kwao nyumba huuzwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wakaweka saini, watu wakanywa soda, na kila mtu akajua nani wa nani. Huku wakili ni wako, lakini ugali wake unatoka kwa mwenzio.

"Sasa huyu akisujudu anatuombea sisi au wale?" alimuuliza Chiku.

Chiku alimwambia anyamaze, avae koti.

Wakili alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Mokoena, miwani yake ikining'inia kwenye kamba, na mafaili mezani kwake yalikuwa yamepandana mpaka yameziba nusu ya dirisha. Alizungumza Kiingereza cha taratibu. Chiku alikielewa chote. Mansour alikielewa kile cha dukani, na kilichobaki alikisoma usoni mwa mkewe.

"Hati inasema," Bi Mokoena alisoma, "nyumba ni mali ya Chiku Mbaruku, aliyeolewa kwa sheria za Tanzania na Bakiri Kombo." Akamtazama Mansour, akatabasamu. "Bwana Kombo, nimefurahi kukuona."

"Mimi Mansour," alisema Mansour.

"Bwana Kombo yuko wapi basi?"

Chiku alikuwa amelitarajia swali hilo, maana alifungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ulikuwa ukurasa wa daftari la shule, wenye mistari, ulioandikwa kwa kalamu ya buluu: Mimi Bakiri Kombo nimemwacha mke wangu Chiku talaka tatu. Chini yake saini, mashahidi wawili, na mhuri wa msikiti. Miaka minane ilikuwa imepita tangu Chiku aikute juu ya friza aliporudi kazini, na wino ulikuwa bado haujafifia. Alimtafsiria wakili neno kwa neno, na sauti yake haikutetemeka.

Bi Mokoena aliigeuza karatasi akaangalia na upande wa pili. Hakuona kitu.

"Hukumu ya mahakama iko wapi?"

"Talaka haina mahakama," alisema Mansour. "Mume anatamka, basi."

Wakili alivua miwani, akaanza kuwaeleza polepole. Ndoa iliyoandikwa kwenye hati inafuata sheria za Tanzania. Sheria hizo alikuwa amezisoma, ndiyo kazi yake, na zinataka talaka ipite mahakamani. Hii haikupita. Kwa hiyo, mbele ya msajili wa hati, Chiku ni mke wa Bakiri Kombo leo kama alivyokuwa siku aliyonunua nyumba, na nyumba haiuziki mpaka mumewe aje asaini kwamba anaafikiana naye.

"Hata sheria ya Tanzania inasema hivyo?" Mansour aliuliza. Alikuwa ameshajitayarisha kuilaumu Afrika Kusini.

"Hata ya kwenu."

"Na mimi je? Huyu nimemuoa. Mwaka wa sita huu. Mahari nimetoa, shehe ametufungisha, watu wamekula pilau."

Bi Mokoena aliinua kiganja. "Bwana, mwanamke mwenye mume akiolewa na mwingine, jambo hilo lina jina lake katika sheria, na si jina zuri. Mimi sijakusikia ukilisema. Nawe usilirudie humu ndani." Akarudisha miwani. Njia zilikuwa mbili, alisema. Ama waende mahakamani, ambako ni miezi na pengine mwaka, ama Bwana Kombo aje mwenyewe ofisini kabla siku ya benki haijapita.

Basi wakatoka, ndipo wakala zile chipsi.

"Mimi siendi kwake," Chiku alisema. "Mtu aliniachia karatasi juu ya friza, pembeni ya risiti ya umeme. Sikumuuliza kwa nini siku ile. Simwombi kitu leo."

"Na mama?"

Chiku aliacha kutafuna. Macho yalimjaa machozi, akageukia barabarani. Mansour akajua atakayekwenda ni yeye. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na safari hii uvungu wenyewe ulikuwa wa kitanda cha mwanamume mwingine.

Kabla ya kuinama alipita msikitini, angalau apate mtu mmoja wa kumwambia kwamba hana wazimu. Shehe alimsikiliza mpaka mwisho huku akipitisha tasbihi vidoleni. "Talaka imepita, eda imekwisha, nikaha ni sahihi," akasema. "Wewe ndiye mume. Nenda nyumbani kwako ukapumzike." Mansour alitoka mwepesi. Wepesi huo ulidumu mpaka kesho yake, alipopeleka Marshalltown barua ya kuthibitisha anwani na kupita kwenye robot ile ile. Msikitini yeye ni mume. Kwa wakili si mume. Kati ya msikiti na wakili kuna robot tano. Akaanza kuwaza ni kwenye robot ya ngapi hasa ndoa yake inapokatika, na kama Chiku akisimama ng'ambo ya barabara na yeye upande huu, ni mke wa nani wakati huo. Teksi zikampigia honi, akajikuta amesimama katikati ya njia.

Sasa sikiliza akili za mtu wa Tanga. Kuna desturi ya kumwendea baba wa binti, ya kumwendea mjomba, hata ya kumwendea mtu uliyemkosea. Desturi ya kumwendea mume wa zamani wa mkeo ukamwombe awe mumewe kwa asubuhi moja, hakuna, wazee hawakuifikiria. Mansour alitafuta kichwani siku mbili nzima, na alichokiona humo ni kitu kimoja tu: jambo la mwanamke huendewa kwa posa. Haliendewi mikono mitupu, haliendewi peke yako, wala hulisemi kwa mdomo wako. Kwa hiyo alinunua halua, akanunua kikoi kipya, akatafuta mshenga.

Mshenga alikuwa Marcellin, fundi cherehani wa kutoka Bukavu, aliyekuwa na cherehani yake katika jengo la zamani mjini, ghorofa ya tatu, chini ya kanisa. Zamani walipokuwa wageni wa mji, yeye na Bakiri waliwahi kuishi chumba kimoja.

"Papa Mansour," alisema Marcellin, pini mdomoni, "unaenda kuomba bibi yako kwa bwana yake? Na bwana yake ni nani, haiko weye?"

"Sijui," alisema Mansour, na hakuwa anafanya mzaha.

Marcellin alitoa pini mdomoni. "Eish. Tangu nizaliwe sijaonaka mambo kama hii. Bon, nitakusindikiza. Lakini miye ndiye nitaongea. Weye utanyamaza, utaangalia chini."

Jumapili wakapanda teksi mpaka Midrand. Bakiri alikuwa akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo katika bohari moja huko, na alipanga chumba cha uani nyuma ya nyumba ya watu. Hakuwa ameoa tena. Yeye na Mansour walijuana kwa sura, kama watu wa Tanga wote wa mji ule wanavyojuana. Misibani kila mmoja alichagua pembe yake ya turubai. Mansour alikuwa amemweka moyoni kama mtu mkubwa, mkali, mwenye sauti. Walimkuta mwanamume mwembamba mwenye ndevu nyeupe, amechutama, anafua ovaroli kwenye beseni.

Bakiri aliwaangalia. Akaiona halua. Akakiona kikoi kilichokunjwa vizuri juu ya mikono ya Marcellin, na heshima ya wazee wake ikamwamsha hapo hapo, akafuta povu, akawatolea viti viwili vya plastiki.

"Karibuni," akasema. "Mmekuja kuposa, naona. Lakini nina wasiwasi mmepotea nyumba. Mimi sina binti."

"Hatupotee, Papa Bakiri," Marcellin alisema. "Tumekuja na heshima kabisa. Kuko mwanamuke moja, na sheria inasema ni bibi yako. Huyu papa anamuomba."

"Mwanamke gani?"

"Maman Chiku."

Bakiri alisimama, mikono ikichuruzika maji. Marcellin akaeleza habari yote, ya hati, ya wakili, ya mahakama, ya tarehe ya benki, na Mansour akaangalia chini kama alivyofundishwa. Aliona miguu ya Bakiri, kandambili za buluu, na hakujua kama anapaswa kuichukia.

"Haiwezekani," Bakiri alisema mwishowe. "Nilimwacha. Nimeandika kwa mkono wangu."

"Wakili anasema haukumuacha."

"Miaka minane?"

"Hata siku moja."

Bakiri aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mansour aliinua macho, akitegemea kuona hasira au dhihaka. Alichokiona ni furaha. Ilikuwa ndogo, na Bakiri aliifuta haraka kwa kiganja pamoja na jasho, lakini ilikuwapo, na wivu ulimpanda Mansour. Alitaka kuchukua halua yake aondoke. Akamkumbuka Bi Tumu, akakaa.

"Kwa nini anauza nyumba?" Bakiri aliuliza.

"Mama yake ni mgonjwa sana," alisema Mansour. "Anataka kurudi."

"Bi Tumu? Mbona sikuambiwa?" Hakungoja jibu, akapita upesi kwenye lingine. "Na paa la jiko, lile lililokuwa linavuja, mliliziba?"

"Niliziba mwaka juzi."

"Kwa bati au kwa lami?"

"Kwa lami."

"Lami haidumu," alisema Bakiri.

Mansour alisikia mdomo wake ukisema kwamba ataliangalia tena. Hakuelewa kwa nini amejibu hivyo. Nyumba ilikuwa inauzwa, paa lilikuwa linakwenda kwa muuguzi, na yeye alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki Midrand akitoa hesabu ya lami kwa mtu asiyemdai. Marcellin alikohoa, akauliza wapeleke jibu gani.

"Posa haijibiwi siku moja," Bakiri alisema, akachukua halua akaiingiza ndani. Kikoi nacho akakichukua.

Zikabaki siku tisa. Bakiri hakuleta jibu, ila alipiga simu. Alipiga saa ya chakula cha mchana, Mansour akiwa amebeba marobota ya mablanketi begani, na kila siku alikuwa na jambo lake. Bomba la bafuni bado linapiga kelele? Yule jirani mwenye mbwa yupo? Siku ya nne akauliza kwa sauti ya chini, "Dawa za Chiku za presha nani anamnunulia?"

"Mimi," alisema Mansour.

"Haya," alisema Bakiri, akakata.

Mansour alibaki na simu mkononi, hajui kama ameulizwa na mtu anayejiandaa kurudi nyumbani kwake au na mtu anayekabidhi zamu. Jioni Chiku alimuuliza, "Amesemaje?" na yeye akamjibu ameulizia bomba.

"Bomba," Chiku alisema. "Alipokuwa humu miaka yote hakuligusa." Akaendelea kukata vitunguu kwa hasira. Baadaye kidogo akauliza, bila kugeuka, "Alikuwa na afya?"

Mansour alisema ndiyo, ana afya, amekonda kidogo. Hakuwa na shaka na mkewe, mke wake anamjua. Shaka yake ilikuwa juu ya kitu kingine ambacho hakuwa na jina lake: kwamba miaka sita yote amekuwa akilala, akila, akiziba paa katika nyumba ya watu wawili, mume na mke, na hakuna aliyemwambia.

Ijumaa ikapigwa simu kutoka Tanga kwamba Bi Tumu amekataa uji. Jumatatu alikuwa bado hajala. Siku hiyo hiyo karani wa wakili akapiga kukumbusha kwamba kesho ndiyo tarehe thelathini, na ofisi inafungwa saa kumi. Chiku alikaa kwenye ukingo wa kitanda akalia bila kuficha uso. "Mama atakufa akiniulizia," akasema, "na mimi niko hapa nangoja saini ya mtu aliyenitupa." Mansour alimshika mabega, na akiwa bado amemshika simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Bakiri, maneno matatu: Kesho saa nne.

Bakiri alikuja ofisini kwa wakili amevaa kanzu nyeupe na koti jeusi, ananukia udi. Mansour, aliyetoka dukani moja kwa moja na nyuzi za blanketi begani, alimwangalia akipita kwenye mlango wa kioo, na akaona wazi, bila mtu kumwambia, kwamba kati yao wawili anayefanana na mume ni yule. Karani naye aliona hivyo hivyo. Alimwonyesha Bakiri kiti kilichokuwa kando ya Chiku, na akamwomba Mansour, kwa adabu kabisa, ahamie kile cha karibu na mlango.

"Hujambo, Chiku," alisema Bakiri.

"Sijambo," alisema Chiku, macho kwenye mkoba.

Bi Mokoena alifungua faili. Alikuwa na haraka, kulikuwa na watu wengine wanangoja nje. Alimsogezea Bakiri karatasi, akamwonyesha mahali pa saini, kisha akaishika kalamu kidogo kabla ya kumpa. "Sheria inanitaka nikuulize kwanza," akasema. "Wewe, Bakiri Kombo, ni mume wa Chiku Mbaruku?"

Bakiri alikiangalia kiti cha karibu na mlango.

"Hapana," akasema.

Kalamu ilibaki hewani. Wakili alisema kwamba labda hakusikia vizuri, akarudia swali neno kwa neno. Bakiri alisikia vizuri. Aligeuka akamsemesha Mansour kwa Kiswahili, na alizungumza haraka, kama mtu aliyekaa na maneno hayo siku tisa.

"Nisemeje, ndugu yangu? Nilimwandikia kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu na ujinga wangu. Nimeishi na neno lile miaka minane, nimelijutia, nimelilia, lakini ni neno langu na Mungu alilisikia. Leo nikae mbele ya mumewe niseme ni mke wangu? Nilipokuja nilidhani naweza. Jana nimejaribu peke yangu chumbani, nikaweza. Nimekuona umekaa pale mlangoni nimeshindwa."

"Wanasema nini?" Bi Mokoena alimuuliza Chiku.

"Wanakumbushana," alisema Chiku.

"Wakumbushane upesi. Akisema si mumewe, mimi nafunga faili hili sasa hivi. Sina njia nyingine."

Mansour alielewa sentensi hiyo nzima, ingawa ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Kwa wiki mbili alikuwa akitamani mtu mmoja tu, katika mji huu wote, atamke mbele ya sheria kwamba Bakiri si mume wa Chiku. Sasa ametamka. Ametamka Bakiri mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wakili, na kila neno lilikuwa la haki. Na neno hilo likiachwa lisimame, nyumba haiuzwi, na Bi Tumu anakufa akiangalia mlango.

Akainuka, akaenda akachutama mbele ya kiti cha Bakiri, kwa sababu hakutaka kulisema jambo hilo akiwa amesimama.

"Sema, Bakiri."

"Nitasemaje?"

"Sema wewe ni mumewe. Anayeulizwa ni yule wa kwenye hati, na wa kwenye hati ni wewe. Mungu anaujua ukweli, hatadanganyika kwa karatasi. Huyu mama wakili haujui, na hautaki." Akamsogelea zaidi. "Mama mkwe wako hali tangu Ijumaa."

Mama mkwe wako. Chiku aliinua uso kwa mara ya kwanza, akamtazama Mansour aliyechutama sakafuni.

Bakiri alifumba macho. Midomo yake ilichezacheza, pengine aliomba radhi, hakuna aliyemsikia. Alipoyafumbua aligeukia mezani.

"Ndiyo," alimwambia wakili kwa Kiingereza. "Mimi ni mume wake."

Alisaini kurasa nne. Chiku akasaini kurasa zile zile, jina lake chini ya la Bakiri, na Mansour akarudi kwenye kiti chake, akihisi shukrani na uchungu kwa pamoja mpaka hakujua ni kipi kinachomchoma. Akadhani imekwisha. Haikuwa imekwisha. Bi Mokoena alihesabu saini kwa ncha ya kalamu, akaguna. Mashahidi wanatakiwa wawili. Karani ni mmoja. Mwenzake amekwenda kwa msajili wa hati na hatarudi kabla ya jioni. Wakili akazungusha macho chumbani, yakatua karibu na mlango.

"Wewe, bwana," akasema. "Unajua kuandika jina lako?"

"Najua."

"Huuzi. Hununui. Hufaidiki na chochote humu, na sheria haikutambui kuwa ndugu wa mtu yeyote hapa. Njoo. Unafaa kabisa."

Mansour akaja. Akaambiwa anachoshuhudia: kwamba mume na mke hawa wametia saini mbele yake, kwa hiari yao. Akaandika jina lake kwa herufi za kuachana, kama anavyoandika kwenye marobota. Akaandika namba ya pasipoti. Chini ya hapo palikuwa na mstari mmoja zaidi, na maneno madogo ambayo ilibidi ainame ayasome. Uhusiano na muuzaji.

Kalamu ikasimama. Chiku alikuwa ameketi pale pale, bega lake likikaribia kugusa mkono wake.

"Hapo," alisema Bi Mokoena, akiwa ameshaanza kufungua faili lingine, "andika hakuna."

Mansour akaandika hakuna.

Karani akapiga mihuri. Wakili akasimama akampa Bakiri mkono, akampa Chiku mkono, akawapongeza wote wawili kwa kuuza nyumba yao, akawatakia safari njema. Bakiri aliondoka wa kwanza. Kwenye lifti alimshika Mansour bega akasema, "Msalimieni Bi Tumu," akataka kuongeza kitu, milango ikajifunga.

Mansour na Chiku walishuka kwa ngazi. Nje wachuuzi walikuwa wametandaza viatu na chaja za simu mpaka katikati ya njia, na iliwabidi watembee mmoja nyuma ya mwingine. Walipofika penye nafasi Chiku alimngoja, wakawa sambamba.

"Pale mwisho ulichelewa kidogo," alisema. "Walikuandikisha nini?"

"Jina langu. Na namba ya pasipoti."

"Na chini yake?"

"Niliacha wazi," alisema Mansour.

Mle ofisini Chiku alikuwa ameketi kando yake, na macho yake hayahitaji miwani. Alikuwa amesoma kila herufi ikitoka kwenye kalamu. Alimkung'uta nyuzi za blanketi begani, moja moja, watu wakiwapita huku na huku.

"Ulifanya vizuri," akasema.